Ndivyo Zilivyo

Nina ugomvi na marehemu Charles Yale Knight wa Chicago, na kwa kuwa hawezi kunijibu, nitausema hadharani.

Knight alikuwa mtu wa magazeti. Hakuwa mhandisi wala fundi gereji. Alichapisha gazeti la habari za maziwa na siagi. Mwanzoni mwa karne iliyopita alinunua gari, na gari likamkera kwa makelele ya valvu. Hadi hapo mimi naye tumelingana: waandishi wote wawili, na wote tuna chombo kinachopiga kelele kisichosikia matusi. Inasimuliwa kwamba alipolalamika alijibiwa kuwa magari ndivyo yalivyo. Mtu mwenye adabu zake angerudi nyumbani akanuna. Knight akaenda kubuni injini mpya.

Habari hii ilimfikia Mama Neema kwa kinywa changu mwenyewe, wakati wa chakula cha jioni, na tangu hapo sina raha ndani ya nyumba.

"Kumbe na waandishi wanaweza kutengeneza vitu," alisema, macho yakielekea chooni, ambako boya la tangi la kuflashi lina mluzi wake wa usiku kucha. Boya lile kazi yake ni moja: maji yakijaa, lipande, valvu ifunge. Linapanda. Valvu haifungi. Maji yanachuruzika chini kimyakimya, mita huku nje inazunguka, na mwisho wa mwezi naletewa bili ya mtu mwenye bwawa la kuogelea.

Turudi kwa Knight, maana hasira haitaki kuharakishwa. Injini za wakati ule, na nyingi za leo, huingiza hewa na petroli na kutoa moshi kupitia valvu zinazosukumwa na kurudishwa kwa springi. Chuma kinagonga chuma mamia ya mara kwa dakika, na injini za siku zile hazikuwa na aibu ya kuficha jambo hilo. Knight aliziondoa valvu zote. Ndani ya silinda akaweka mabomba mawili membamba ya chuma, moja ndani ya jingine, yenye matundu ubavuni. Yanateleza juu na chini. Matundu yakikutana njia inafunguka, yakipishana njia inafungwa. Hakuna kinachogonga kitu. Mwaka 1906 alilipeleka gari lake kwenye maonyesho ya magari ya Chicago akiwa amelipa jina la Silent Knight. Kisha akavuka bahari, na mwaka 1908 kampuni ya Daimler ya Coventry, Uingereza, ikaikubali injini ya mtu wa siagi. Wakafuata Minerva wa Ubelgiji, Panhard wa Ufaransa na Mercedes wa Ujerumani. Kwao Marekani, magari ya Willys-Knight yaliuzwa hadi mwaka 1933.

Makelele yaliisha kweli. Ila mabomba yale mawili yalitaka oili ndani na nje, na oili ikishafika huko inaungua, kwa hiyo gari la kimya likajulikana kwa wingu la moshi wa buluu lililolifuata nyuma. Nilipofika kwenye moshi nilimwita Mama Neema aje asikie. Alisema moshi hauamshi mtoto.

Basi nimekuwa msomaji wa hataza za zamani. Zipo bure kwenye intaneti, maelfu kwa maelfu, pamoja na michoro yake, na mtu asiyepata usingizi kwa sababu ya boya hukuta ni kazi nzuri ya saa nane za usiku. Hataza ya Kimarekani ya wakati huo huanza kwa heshima zote: ijulikane kwa wote kwamba mimi fulani, raia wa mahali fulani, mkazi wa mji fulani, nimebuni jambo jipya na lenye manufaa. Hukai sawa, unaingizwa kwenye vipande: namba 4 inashika namba 7, ambayo inasukuma namba 12, ambayo kwa mujibu wa mchoro haipo. Mwishoni yanakuja madai, na kila dai sheria inataka liwe sentensi moja. Sentensi moja! Nimekutana na sentensi ambayo ukiianza chai ikiwa ya moto, ukifika kwenye nukta utando umeshatanda juu ya kikombe. Mhariri wangu hunikatia sentensi ya mistari mitatu na kusema wasomaji wana shughuli zao.

Lakini nimegundua kitu kinachoniuma. Watu wale walikuwa walalamikaji kama mimi. Kila hataza ina aya, karibu na mwanzo, ambamo mvumbuzi anawasema wenzake: vifaa vilivyopo vinavuja, vinachakaa, vina kelele, ni ghali, vinaharibika upesi. Anasema yote hayo kwa sauti ya chini ya mtu wa ofisini, lakini ni yaleyale ninayoyasema mimi barazani kwa sauti ya juu. Wao wakaambatisha mchoro na ada, wakapewa namba. Mimi sijapewa hata risiti.

Nina fundi wa bomba. Simtaji jina kwa sababu bado ana funguo yangu ya spana. Ukimwuliza kwa nini boya jipya limekufa kabla ya jina la duka kufutika kwenye mfuko, anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli: "Za siku hizi ndivyo zilivyo, mzee wangu. Zamani shaba. Hizi plastiki." Ukimwuliza kuhusu ile valvu ya pampu, inayotakiwa kuyaruhusu maji yapande kwenye tangi la juu na kuyakataza kurudi, jibu ni hilo hilo. Valvu yangu ina moyo mweupe: inawafungulia waendao na warudio. Umeme ukikatika, maji yote yaliyopandishwa yanateremka tena kwenye kisima, na ukirudi tunaanza moja.

Ndiyo maana nilipoiona hataza ya Marekani namba 1,329,559 nilikaa wima kitandani. Mwenyewe ni Nikola Tesla, yule aliyejipatia jina kwa mota za umeme wa mkondo geu. Aliomba Februari 21, 1916, akapewa Februari 3, 1920. Ni valvu ya kuzuia kitu kisirudi kilikotoka, na ndani yake hakuna kinachosogea. Hakuna springi. Hakuna mpira. Hakuna kifuniko cha kukwama na punje ya mchanga. Hakuna plastiki ya siku hizi wala shaba ya zamani. Ni mfereji tu, wenye vichochoro vya kuzunguka huku na huku pembeni. Maji yakija kwa upande unaotakiwa yanapita katikati bila shida. Yakija kinyume, kila hatua sehemu yake inachepukia kwenye kichochoro, inageuzwa, inarudishwa njia kuu kuja kugongana uso kwa uso na wenzake. Maji yanazuiwa na maji. Tesla aliandika kwamba ugumu wa kurudi unaweza kufika mara 200 ya ugumu wa kwenda.

Mtu unaposoma hivyo unadhani mwandishi wake alikuwa amekaa vizuri. Mwezi uliofuata, Machi 1916, Tesla alisimama mahakamani New York kwa sababu jiji lilimdai kodi ya dola 935. Akaeleza kuwa hana fedha, na kwamba hata hoteli ya Waldorf-Astoria anamoishi anaishi kwa mkopo. Hapo nilimpenda. Mtu amezuia maji yasirudi, wadai anashindwa kuwazuia. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amepata hataza ya tabo isiyo na mapanga, ya visahani laini vilivyopangwa karibukaribu, mvuke ukipita katikati na kuvizungusha kwa kuvigusa tu. Kampuni ya Allis-Chalmers ya Milwaukee iliijaribu. Visahani vilipozunguka kwa kasi kubwa vikaharibika umbo, na jaribio likaishia hapo.

Nilimwonyesha fundi wangu mchoro wa valvu ya Tesla kwenye simu. Alikuza, akapunguza, akageuza simu juu chini. "Mzee, huu ni utumbo wa mbuzi."

Nikamweleza habari za maji kugombana na maji. Alisikiliza kwa subira ambayo hulipwa kwa saa. Kisha akauliza swali ambalo mkaguzi wa ofisi ya hataza hakuliuliza: "Na vichochoro hivyo vyote vikijaa mchanga, nani atazibua?"

Sikuwa na jibu, na nilipotafuta msaada kwa wasomi nilizidi kuumia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha matokeo ya kuitengeneza valvu hiyo kwa kufuata mchoro na kuipitishia maji. Maji yakienda polepole sana, haijali yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Yakishika kasi inaamka, na ugumu wa kurudi unafika kama mara mbili ya ule wa kwenda. Kwa mkondo unaokwenda kwa mapigo inafanya vizuri zaidi, na Tesla mwenyewe mapigo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria. Haya, lakini hata kwa mapigo, valvu isiyofunga kabisa ninayo tayari, nililetewa hadi mlangoni.

Kuhusu mota yenyewe ya pampu nitasema kwa kifupi kwa sababu nikiongea sana presha inapanda. Inavuma, haizunguki. Fundi anasema kapasita. Ni kapasita kila mara, na kila mara anayo moja mfukoni kwa bahati. Nimesoma habari za Charles Kettering wa Dayton, Ohio, aliyewahi kutia mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabia fedha dukani. Enzi zile gari liliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na injini ikikasirika hendeli inarudi kinyume na kukuvunja mkono. Kikwazo cha kutumia umeme kilikuwa kwamba mota ya kuweza kuizungusha injini ingekuwa kubwa kupita kiasi. Kettering akaona kuwa mota hiyo haitafanya kazi kutwa. Itahenyeka sekunde chache tu, kwa hiyo ndogo inatosha, mradi ipumzike baadaye. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na kiwashio chake, na hataza aliipata mwaka 1915. Mota yangu nayo imeisoma hataza hiyo. Inahenyeka sekunde chache, kisha inapumzika hadi fundi aje.

Wa mwisho kwenye orodha ya ninaowaonea wivu ni John Ambrose Fleming, profesa wa London. Mwaka 1904 aliandikisha valvu ya umeme: taa ya kioo yenye uzi unaowaka moto na, pembeni yake, kipande cha chuma. Umeme unatoka kwenye uzi kwenda kwenye chuma, kurudi, hapana. Kwa njia hiyo mawimbi ya redio yasiyosikika yaliweza kugeuzwa kuwa kitu cha kusikika. Ndiyo valvu pekee katika safu hii iliyokuwa inafunga vizuri, kwa hiyo ilipelekwa mahakamani.

Ilikuwa hivi. Mmarekani Lee de Forest aliongeza waya wa tatu ndani ya taa ile, na kifaa kikapata uwezo wa kukuza sauti. Kampuni ya Marconi, iliyokuwa na hataza ya Fleming, ikamshitaki. Mwaka 1916 mahakama ya New York ikaamua kwamba de Forest hawezi kutengeneza kifaa chake bila ruhusa ya Marconi, maana taa ya Fleming imo ndani yake. Na Marconi hawawezi kukitengeneza bila ruhusa ya de Forest, maana waya wa tatu ni wake. Hivyo kifaa bora kuliko vyote vya redio, wenyewe walikuwa wawili na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ikawaambia watengenezaji watengeneze tu, lawama itazibeba yenyewe.

Ikazibeba. Marconi walikuwa wameshaifungulia serikali kesi, na kesi ikatembea. Hataza ya Fleming ya Marekani ilikwisha muda wake mwaka 1922, kesi inatembea. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba hataza ile haikuwa halali, kwa sababu ilidai zaidi ya alichovumbua mwenyewe na wenyewe wakachelewa kulisahihisha dai hilo. Ilikuwa imekufa kwa uzee miaka 21 iliyopita, ndipo ikatangazwa kuwa ni batili. Fleming alikuwa na miaka 93, bado yu hai kuzisikia habari hizo.

Nalieleza hili kwa sababu nimepeleka malalamiko yangu ya bili ya maji ofisini. Kijana wa dirishani aliyapokea vizuri, akayagonga muhuri, akayalaza juu ya malalamiko mengine yaliyolala, akaniambia, "Linashughulikiwa, mzee." Nimekwenda tena. Linashughulikiwa. Nimeuliza litakwisha lini, nikaambiwa mambo ya mita ndivyo yalivyo.

Mama Neema haoni kwa nini nahangaika. Anasema Fleming alifika miaka 95, kwa hiyo muda ninao, cha msingi nijitunze na ninywe maji kwa wingi.

Nikamwambia hayo maji ndiyo yanayobishaniwa.