Karani wa Ajira na Mlenda wa Bibi Buku

Panya Buku alirudi Mkwajuni mwezi wa Julai, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Alikuja na begi moja na barua ya kuachishwa kazi, ambayo aliikunja mara nne akaisokomeza kwenye kiatu. Njia ilikuwa ile ile ya kila mtu: Tunduma, Vwawa, Mlowo, halafu Mbalizi, ambako gari huiacha barabara kuu likashuka kuelekea Galula, na vumbi likatua kwenye masharubu ya abiria lisitoke mpaka jioni. Ndiyo, mwenyeji wa Mkwajuni akitaka kwenda makao makuu ya mkoa wake pale Vwawa, hupita kwanza mkoa wa jirani. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini barabara hazikupewa taarifa.

Huko Tunduma alikuwa kwa Ngedere, wakala wa forodha. Ngedere alimwajiri akidhani kapata bingwa wa njia za panya. Kumbe kijana wa watu katokea Mkwajuni, hata ya kumfikisha Nakonde kununua sukari haijui. Akapewa kazi ya kukimbiza karatasi: muhuri upande huu, muhuri upande ule, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yakisubiri kwenye foleni isiyoonekana mkia. Miguu ya Buku ilikuwa mali mpaka mwaka 2019, marais wa nchi mbili walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani na mihuri yote ikahamia chini ya paa moja. Ngedere alimvumilia bado, akawa anamtuma chai. Kisha ofisini ikaletwa mashine ya chai.

Bibi Buku hakuuliza kitu. Alimtazama mjukuu, akalitazama begi, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nawa mikono."

Hapo ndipo ilipoanza wiki ya Buku, nami sioni aibu kusema ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kulipwa mshahara. Kulikuwa na perege wa Ziwa Rukwa, waliokaushwa kwa moshi, wakaungwa kwa nyanya na vitunguu. Kulikuwa na mchele wa Galula, ule ambao sufuria ikifunuliwa tu jirani hukumbuka kwamba ana salamu za kuleta. Lakini habari yenyewe ilikuwa mlenda. Bibi aliuchotea magadi kwa ncha ya kidole, akaonja, akatingisha kichwa, akarudisha ncha nyingine ya kidole, maana yakipungua hauvutiki na yakizidi unakwaruza koo. Kisha alikaa chini, upekecho katikati ya viganja, akaupekecha huku akiongea mambo mengine kabisa, habari za misiba na mahari, asiangalie ndani ya chungu hata mara moja. Karanga za kutwanga aliingiza mwishoni. Buku alikula mpaka akalegeza mkanda, na alipolegeza mkanda Bibi alidhani anatengeneza nafasi, akamwongeza.

Jioni marafiki walikuja chini ya mkwaju. Nungunungu, waliyesoma naye, sasa alikuwa kwenye karasha anasaga mawe ya wachimbaji, na alifika mweupe kwa vumbi kila mwiba. Fungo alikuwa na hisa kwenye duara ambalo lingetema dhahabu wiki ijayo. Lilikuwa la wiki ijayo tangu Buku akiwa darasa la tano. Walicheza bao, wakaibiana kete, wakagombana, wakacheka. Siku ya gulio Kanga aliitwa ghafla kwenye mayai yake, akamwachia Buku beseni la karanga na kopo la kupimia. Buku aliuza kama saa moja hivi. Kanga aliporudi alimpa mia tano, nayo ikaishia kwenye soda moja iliyopitishwa midomo mitatu. Hakuna aliyeikumbuka tena soda hiyo mpaka Karani alipokuja.

Karani Korongo alifika na kishikwambi, miguu mirefu, kikoti cha kung'aa. Aliongozwa na Mwenyekiti Kakakuona, kiongozi mwenye busara ya pekee: akiulizwa swali lolote hujikunja akawa mpira, na wananchi hubaki kuibashiri maana yake. Karani alikuwa anahesabu wenye ajira na wasio na ajira. Wanyama wote wakamwangalia Buku kwa huruma, na Fungo akamkanyaga mguu kumwashiria anyamaze.

"Katika siku saba zilizopita," Karani aliuliza, "umefanya kazi ya malipo au faida, angalau kwa saa moja?"

"Nimekula," alisema Buku. "Nimecheza bao. Nimelala."

"Na karanga zangu?" Kanga alidakia, asiyependa kuona mtu akidharau biashara yake. "Saa moja nzima aliuza, nikamlipa!"

Kishikwambi kililia tii. "Hongera," alisema Karani. "Una ajira."

Kijiji kilishangilia. Nungunungu alitaka kumkumbatia, Buku akakwepa kwa sababu zinazoeleweka. Zamu ya Bibi ilipofika, Karani alimkuta anachambua mchele na hakutarajia kukaa sana.

"Bibi, siku saba zilizopita umefanya kazi?"

"Nimechota maji, nimechanja kuni, nimetwanga, nimepika mara tatu kwa siku, nimemwogesha mtoto wa Kicheche, nimemaliza kupukuchua magunia."

"Kwa malipo?"

"Kwa njaa yao."

"Mahindi uliuza?"

"Tunakula."

Karani alikuwa mpole, na kazi yake aliijua. Alieleza kwamba kanuni hazikutungwa na yeye. Wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva mwaka 1982 wakakubaliana kwamba saa moja katika wiki inatosha. Kwa kanuni hiyo, hata jembe la Bibi lingehesabiwa. Lakini mwaka 2013 walikutana tena huko huko, wakaamua kwamba anayelima kwa ajili ya tumbo la nyumbani anafanya kazi, ndiyo, ila kazi hiyo si ajira. Na kupika kwa familia hakukuwa ajira wakati wowote, si kabla wala baada.

"Kwa hiyo huyu aliyelala wiki nzima ana ajira," alisema Bibi, "na mimi niliyemlisha?"

"Wewe uko nje ya nguvukazi, Bibi."

Wote wakamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti alikwishajikunja.

Bibi aliendelea kupeta mchele. "Hao wa Geneva, mkutanoni walikula nini?"

"Sijui. Hotelini, labda."

"Aliyepika hotelini alihesabiwa?"

"Huyo analipwa, Bibi. Alihesabiwa."

"Aa," alisema Bibi, akafunika ungo.

Mchana huo Karani alikaribishwa chakula, kama mgeni yeyote. Alipewa ugali, perege na mlenda. Alikula bila kusema neno, akamung'unya mwiba wa mwisho, akasema Mungu ambariki Bibi. Bibi alisema amina, kisha akanyoosha mkono: elfu mbili. Karani alicheka. Bibi hakucheka. Karani alitoa noti, ile yenye picha ya Simba, na hapo wanyama wote wakakaa sawa, kwa adabu ya picha.

"Sasa niandike," alisema Bibi. "Saa moja imepita. Nilianza kuwasha moto saa nne."

Kishikwambi kililia tii.

Habari ilizunguka Mkwajuni kabla sahani haijaoshwa. Kama ni hivyo tu, walisema kina mama, nani atakubali kuwa nje ya nguvukazi? Bibi aliichukua noti ya Simba akanunua chakula cha jioni kwa Mama Kicheche. Mama Kicheche akanunua kwa Kanga. Kanga akanunua kwa mke wa Fungo, na mke wa Fungo akaja kununua kwa Bibi. Noti ililala ilikoamkia. Kesho yake ikatoka tena. Wakati wa chakula njia zilijaa kina mama wanaopishana na sahani, kila nyumba ikila mapishi ya jirani. Watoto wa Kanga walilia kwamba kwa mke wa Fungo chumvi ni nyingi, nao wa Fungo wakalia kwamba kwa Kanga hakuna chumvi. Karani alipita upya nyumba hadi nyumba, na kishikwambi kilikuwa kinalia tii, tii, tii mpaka chaji ikakata.

Mwenyekiti Kakakuona alijikunjua. Wazee hawakumbuki lini mara ya mwisho alifanya hivyo. Alipanda juu ya kichuguu akatangaza kwamba katika siku chache tu uongozi wake umezalisha ajira katika kila kaya, bila mkopo, bila mfadhili, na kwamba wilaya nyingine zinakaribishwa kuja kujifunza, posho zao wakija nazo.

Aliyesahaulika alikuwa Buku. Noti haikupita kwake, kwani hakuwa na chungu cha kuuzia. Karani alimfikia wa mwisho, akafunua ukurasa wake, akakuna shingo.

"Ile saa yako ya karanga imeshatoka nje ya siku saba. Kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Umeitafuta?"

"Hapana, Karani. Kila nikitaka kuondoka, chakula kinaiva."

"Haidhuru. Kwa hesabu ya nchi yetu, anayeitaka bila kuitafuta naye yumo." Akabonyeza. "Huna ajira."

Bibi alisikia akiwa jikoni. Huyu hana kazi, alisema, atanilipa nini? Akampakulia mlenda, ule wenye magadi ya ncha mbili za kidole, na perege mzima, kichwa na mkia. Mkwajuni nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa bado anakula bure. Buku alikaa mlangoni, mkanda umelegezwa, akala taratibu.

Fungo alipita na sahani yake ya kununua, mboga imepoa, ugali umefanya utando. Alisimama. Alinusa. Akasogea mpaka kizingitini, akashusha sauti.

"Bibi, samahani. Hapa kwako hakuna nafasi nyingine ya asiye na ajira?"

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye chungu.

"Lete barua ya maombi," alisema, "na picha mbili, pasipoti saizi."