Namna ya Kuzuru Minara Miwili Bila Kusumbuliwa na Kanisa

1. Anzia kwenye boti. Mkikaribia bandari ya Malindi, Unguja, minara pacha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu huchomoza juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Piga picha hapo hapo. Ukishaingia vichochoroni, nyumba zitaificha, na kuuliza njia ni aibu kwa mtu aliyekwisha kutangazia ndugu zake kwamba Unguja anaijua vizuri. Tembea kwa madaha. Ukipita duka lile lile la vinyago mara ya tatu, msalimie mwenye duka kama jamaa yako.

2. Papasi akikudaka, mwachie akuongoze. Atakupeleka Mkunazini, maana watalii wote hupelekwa huko. Ni kanisa la Anglikana, lililojengwa enzi za Askofu Steere mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kuna tiketi, kuna waongozaji, kuna msalaba wa mti uliotoka pale ulipozikwa moyo wa Livingstone. Mnara ni mmoja tu. Piga picha, andika chini yake "Minara Miwili". Mjuaji akihoji, mwambie wa pili uko nyuma ya huu.

3. Ukilipata lenyewe kwa bahati mbaya, usihangaike. Nje ya saa za Misa mlango mkubwa mara nyingi hufungwa, na wanaojua huzungukia nyuma. Wewe inamisha kichwa mbele ya mlango uliofungwa, mwenzio akupige picha. Mama mwenye ufagio atakwambia, "Zunguka nyuma, mwanangu." Jibu, "Ahsante mama, nitarudi." Hajakuuliza lini.

4. Ukikuta Misa inaendelea, basi imekufika. Funga kanga juu ya hiyo kaptula, ukae benchi la mwisho, ila si nyuma ya nguzo; umevaa vizuri mno kujificha. Kama hukumbuki wakati wa kusimama na kupiga magoti, chagua bibi mmoja aliye mbele yako umfuate. Mkague kwanza. Bibi mwenye magoti mabovu hukaa mageuzo yote, nawe utakaa naye huku kanisa zima limepiga magoti. Padre akisema "Bwana awe nanyi", mumunya mwanzo wa jibu, kisha malizia "mwako" kwa sauti nene. Majirani watadhani umelelewa sakristia.

Kwenye sadaka, epuka sarafu ya mia tano, kwa sababu hulia kapuni. Noti ya elfu moja ikikunjwa mara nne haina tofauti na ya elfu kumi, na Mungu, tunavyofundishwa, hatangazi.

Hatari kubwa ni matangazo. Wageni wakiombwa kusimama, usikimbie. Simama, funga kifungo cha koti, sema umetumwa na parokia yako kuleta salamu za upendo. Utapigiwa makofi. Kwamba paroko wako alikuona mara ya mwisho siku ya ubatizo wako ni jambo la ndani la jimbo.

5. Jioni, Forodhani, ukiwa na bakuli la urojo, toa elimu. Sema kanisa lilijengwa miaka ya 1890 na mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wale ambao wenzao walivuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Hayo ni kweli, kwa hiyo yatamke haraka haraka. Kisha punguza mwendo: "Ukilitazama vizuri, unaiona Marseille kabisa." Hakuna mezani aliyefika Marseille. Akitokea wa kukuuliza ile michoro ya ukutani inahusu nini (wewe ulikuwa bado unachunga magoti ya bibi), jibu "Agano la Kale", kwa sababu ndivyo ilivyo, halafu umwombe akusogezee pilipili kabla hajauliza sura ya ngapi.