Namna ya Kumnasa Mwingereza kwa Sikio

Anza kwa kuzima filamu. Tanga nzima, kuanzia Raskazone hadi Ngamiani, wamo vijana wanaoapa kwamba Kiingereza wamekiokota kwenye sinema za Marekani. Mwombe mmoja wao afumbe macho dakika moja tu, asiyaone yale maandishi ya chini ya picha, kisha akwambie shujaa kasema nini. Atakusimulia jinsi alivyoruka dirishani. Muda wote huo jicho lilikuwa linasoma, sikio limelala fofofo.

Wala usikiache Kiingereza kiungurume kwenye simu huku unakuna nazi, ukitumaini kitaingia chenyewe. Hakiingii. Kingekuwa kinaingia hivyo, kila anayeishi jirani na msikiti angekuwa bingwa wa Kiarabu.

Taabu yetu ina sababu. Sisi hutamka kila silabi hadi mwisho, karibu zote tukizifunga kwa irabu. Mwingereza hukazia silabi moja, nyingine akazimeza, na maneno madogo madogo yakagandana. Basi chukua kalamu. Cheza sekunde tano tu, uandike ulichosikia kwa tahajia yetu wenyewe, bila haya: "Wochagonadu?" Rudia mara nne, na ndipo ufungue maandishi yake: "What are you going to do?" Maneno sita, yote unayajua tangu shule ya msingi, na yote yamekupita. Sasa yaseme kama alivyoyasema yeye, kwa sauti, mpaka waliokaa barazani waulize umepatwa na nini. Mdomo ukizoea kumeza, sikio nalo litaanza kuyatambua yaliyomezwa.

Bando lisiwe kisingizio. Saa nzima ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 hivi, na ukishaipakua unairudia bure. Kwa anayeanza, tafuta vipindi vya Sauti ya Amerika vya Kiingereza chepesi, mtindo ulioanza 1959: maneno ya msingi kama 1,500, yakisomwa polepole. BBC nao wana mazungumzo ya dakika sita, na dakika sita zinatosha kwa wiki nzima ukizifanyia kazi sawasawa. Anayemaliza vipindi kumi kwa siku hajasikiliza hata kimoja.

Ukikomaa, mtafute mtu wa kwetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa mhadhara wake wa Nobel tarehe 7 Desemba 2021, na sauti na maandishi yake vimo kwenye tovuti ya Nobel. Anaanza na raha ya kuandika hadithi akiwa mtoto shuleni. Mambo anayoyasimulia unayafahamu, kwa hiyo nguvu yako yote inabaki kwenye sikio.

Halafu kuna zawadi ambayo watu wa Tanga, kwa maoni yangu, tumeikalia bure. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alizitafsiri rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald. LibriVox, maktaba ya sauti iliyoanzishwa 2005, ina Kiingereza hichohicho kikisomwa na watu waliojitolea, na kupakua ni bure. Ubeti mmoja una mistari minne. Usikilize hadi uweze kuuandika, usome tafsiri ya Shaaban, kisha usikilize tena kitabu kikiwa kimefungwa. Utasikia pale mzee alipobana na pale alipolegeza, na hakuna mwalimu wa mtandaoni atakayekuonyesha hayo.

Ila kabla hujamshitaki kwamba karuka ubeti, tazama ni toleo lipi linalosomwa. FitzGerald hakuacha kuichokonoa kazi yake: toleo la kwanza la 1859 lina beti 75, la tano lina 101.