Sifa za Bawabu wa Nta

Washairi wamewasifu majemadari, warembo na majahazi. Mimi leo namsifu themostati. Ni kidude cha shaba, upana wake hauzidi sana mdomo wa kikombe cha kahawa ya mtaani. Kinakaa gizani chini ya kifuniko cha boliti mbili tatu, pale mpira wa juu wa rejeta unapoungana na injini, na kazi yake kubwa ni kuzuia. Pampu inasukuma, feni inapuliza, rejeta inapoza. Yeye anasimama mlangoni na kusema: bado.

Saa ya kufungua anaijua kwa sababu tumboni amebeba nta. Maji yakifika digrii 82, namba iliyogongwa kwenye shaba yake, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kipini, mlango unaachia. Yakipoa, springi inaurudisha. Hana waya, hana fyuzi, hana bosi. Bawabu gani mwingine wa Nairobi hukaa getini miaka yote bila kuomba chai?

Wazee wake, wale wa kabla ya nta kuenea, walikuwa na kifuko cha bati jembamba chenye mikunjo kama kodiani. Walikuwa waungwana: kifuko kikitoboka, mlango ulibaki wazi. Huyu wa nta akifa, mara nyingi anafia kazini, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Habari za msiba unazipata katikati ya foleni ya Barabara ya Mombasa, mvuke ukifuka kwenye boneti na wauza karanga wakikupa pole huku wanacheka.

Hapo ndipo mahasidi wake hupata la kusema. Fundi atagusa mpira, atatikisa kichwa: "Hii ni ya kule kwa theluji, mzee. Tunaitoa." Na gari la michezo la zamani, lenye rejeta iliyopimiwa mvua ya Uingereza, humpa fundi ushahidi kila siku. Hata jiografia inamuunga mkono: kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimechoka na hakishiki presha, kati ya mlango kufunguka na sufuria kufoka umebakiwa na digrii 12 tu.

Lakini kosa hilo ni la kifuniko. Themostati hupanga joto lisishuke chini ya wapi. Lisipande juu ya wapi ni kazi ya rejeta na feni. Mfunge wa digrii 74 ukipenda: utachemsha vilevile, umechelewa dakika chache tu. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, tafuta upepo, yaani feni na mkanda wake. Likichemsha ukiwa kasi, tafuta matope ndani ya rejeta. Bawabu mwache.

Mtoe uone. Asubuhi ya Limuru mshale wa joto unalala kama mgonjwa, choki haikubali kurudi, petroli inanyweka, na chini ya kifuniko cha oili unakuta uji wa kijivu. Wenye Jaguar E-Type za mwanzo, zile zilizozinduliwa Geneva mwaka 1961, wana adhabu yao ya pekee. Kwao kuna uchochoro unaorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na bawabu anapofungua mlango mkubwa, huziba uchochoro kwa mkono wa pili. Akiondolewa, maji ya moto hukata kona humo humo, na gari linachemsha kwa sababu umeng'oa ulichodhani kinachemsha.

Dereva Shekhar Mehta alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Wazee bado wanamtaja. Sijasikia hata mmoja akiuliza maji yake yalikuwa digrii ngapi.

Wa kwangu nilimkuta kwenye kidroo cha dashibodi, amefungwa katika gazeti, kafukuzwa na mwenye gari wa zamani. Nilimning'iniza kwa uzi ndani ya sufuria, kipimajoto pembeni. Mama watoto akachungulia: "Leo tunakula shaba?" Digrii 78, kimya. Digrii 83, akafungua ufa mwembamba, kama mtu anayefumbua jicho moja kuangalia kama kumekucha. Mzima!

Jumamosi nikamrudisha nyumbani kwake kwa gasketi mpya, kijitundu cha kutolea hewa kikiwa juu, nikawasha, nikashika mpira wa juu. Dakika ya sita ulikuwa baridi. Ya nane, baridi. Fundi alikuwa ameshaanza kutabasamu ulipopata moto ghafla, nikaruka nyuma na kumkanyaga mguu.