Maharagwe ya Bi Mkubwa

Maharagwe ya nazi yalikuwa jikoni, na Bi Mkubwa, mama wa mume wangu, ndiye aliyesema atayaangalia. Kumbe yuko ukumbini, ameketi mkekani mbele ya televisheni, anagombana na mama wa watu. "Mwache mtoto atoke nje, wewe! Kumfungia ndani ndiko kutakakomponya?"

Huyo mama wa watu ni Kathryn wa Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018. Ilionyeshwa Berlin, Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar, lakini majumbani mwetu wengi hata jina lake hawalijui. Hilo huniuma. Ndiyo maana jioni ile niliwakalisha wote.

Jo ana miaka 9 na ugonjwa usio na tiba. Mamake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini Maweni. Mtoto anapenda mashujaa wa filamu, basi dadake, Mwix, anamshawishi kwamba naye ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia katika siri hiyo. Hadithi ya namna hii ni rahisi kuijaza vilio. Walioiandika wamechagua njia ngumu: Jo wamempa akili na ucheshi, na wakubwa wakawa ndio wanaohitaji kubembelezwa.

"Mama, moshi!" akapiga kelele Salma.

Baba Salma alikimbilia jikoni, akakamata kifuniko kwa mkono mtupu, kikamponyoka kikamwangukia mguuni. Maharagwe yalikuwa yamegandana chini ya sufuria, meusi tititi. Tukiwa katika kumwagia mguu maji, umeme nao ukakatika. Tokeni zimeisha.

Gizani, kwa tochi ya simu, Bi Mkubwa hakuuliza habari ya chakula. "Yule dada amekosea," akasema. "Mgonjwa haongopewi."

"Nyanya, Jo ajua," Salma akamjibu. "Awaacha tu wafurahi."

Sijapata kusikia mtu akiieleza filamu ile vizuri kuliko hivyo. Stycie Waweru, anayeigiza Jo, analibeba jambo hilo lote kwa macho: anamtazama dadake akijitahidi, anatabasamu, wala haombi huruma ya mtazamaji. Na Marrianne Nungo, akiwa Kathryn, ana ukali unaokuudhi mwanzoni. Mtazame vizuri, kila anapomkataza mwanawe kutoka, ni mtu anayezihesabu siku zilizobaki na hataki kumgawia mtu hata moja. Uigizaji wa kiwango hicho tungekuwa tunausimulia vibarazani.

Tokeni zilipoingia tulikunywa chai ya rangi na mkate, Baba Salma mguu ndani ya beseni, tukaitazama hadi mwisho bila mtu kunyanyuka. Majina yakipanda kwenye kioo, Bi Mkubwa akaniuliza yule mamake Jo ni nani kwa jina lake hasa. Nikamwambia.

"Irudishe pale nilipomgombeza," akasema. "Sikumsikiliza."