Bingwa wa Kupunguziwa Bei

Mnamjua bingwa wetu wa mtaa wa Umoja. Kwa mama mboga atasimama nusu saa akidai sukuma wiki ya nyongeza. Kwa muuza smokie atagombania kachumbari. Lakini akifika uwanja wa ndege wa JKIA, hapo Embakasi tu, analipia chai bila kuuliza bei, akitabasamu kama bwana harusi.

Ndugu yangu, kwa safari za nje wakaguzi wanazuia vinywaji vinavyozidi mililita 100. Lakini chapati haimwagiki, wala yai la kuchemsha. Beba, na chupa tupu ya maji pia. Na kama unakwenda Mombasa, takriban saa moja angani, njaa gani hiyo? Kufungua chapati kwenye ndege unaona aibu. Kukopa nauli ya matatu ukirudi, huoni?