Mtoto wa Gredi ya Pili Hana Namba

Mtaa wetu wa Kaloleni, Nairobi, una makocha wengi kuliko wapangaji. Ukitaka kuwaona wote, tangaza tu kwamba unamtafutia mtoto mchezo. Wangu ni msichana wa miaka saba. Nilichotaka ni akimbiekimbie na wenzake mpaka jioni, arudi hoi, ale, alale.

Wazee wa mtaa wakaamua: soka. Mjadala ukafungwa. Uwanja wa City uko hapo Jogoo Road, siku hizi ukiitwa kwa jina la mwanasoka wa zamani Joe Kadenge, na wazee wetu bado wanatamka "Kadenge na mpira" kana kwamba mechi ilikuwa jana. Wakimaliza ya Kadenge wanahamia mtaa wa Muthurwa, walikolelewa McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, yule aliyewafunga Barcelona mwaka 2012 akiichezea Celtic. Hesabu yao ni fupi: kama Muthurwa ilitoa wawili nyumba moja, Kaloleni itakosaje mmoja? Huyo mmoja sasa amekuwa binti yangu, ambaye kamba za viatu bado anafungiwa na mamake.

Basi nikampeleka kwa kocha. Swali la kwanza: "Anacheza namba gani?" Nikamjibu namba anayo moja tu, ile ya cheti cha kuzaliwa. Hakucheka. Alinipa orodha: jezi, njumu, soksi ndefu, ada ya mwezi.

Kisha akawapanga kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, uwanja mzima wa watu wazima. Wote wakaufuata mpira kama nyuki, kipa akabaki golini akichora mchangani. Binti yangu hakuugusa mpira. Mpira ndio uliomgusa, mgongoni. Waingereza wenyewe, ambao ligi yao inatukeshesha, huwachezesha watoto wa umri huu watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo, bila jedwali la ligi. Sisi tuna jedwali, kombe, na akina baba wa kumtukana refa. Mmoja wao, mutura mkononi, alimpigia mwanawe kelele: "Kaba! Kaba!" Mtoto akasimama, akauliza amkabe nani, maana wote ni marafiki zake.

Nyanya yake akapendekeza mpira wa pete. Mchezo mzuri, ila kila mchezaji ana eneo lake na haruhusiwi kutoka. Mwambie mtoto wa miaka saba asivuke mstari, uone. Jirani naye akaleta raga ya watoto, ile ya kunyang'anyana riboni kiunoni bila kuangushana. Nikauliza inachezewa wapi. Akanionyesha upande wa Ngong Road. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na kurudi nimebeba mtu aliyelala.

Wakati huo wote, nyuma ya nyumba, watoto walikuwa wanacheza kati. Wawili wanarusha mpira, walio katikati wanakwepa, anayepigwa anatoka, na timu nzima inamtegemea aliyebaki. Hakuna ada wala baba. Gharama yake naijua mimi peke yangu: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, mpira wa majuala umeadimika, kwa hivyo soksi yangu ya Jumapili imejazwa matambara ikafungwa kwa kamba ya manila.

Kinachokosekana ni nafasi tu. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, wakati Mwafrika wa Nairobi alitarajiwa kuishi mjini bila mke wala mtoto. Waliouchora waliacha nyasi katikati ya nyumba. Leo nyasi hizo zimekaliwa na magari, mengine yakiwa juu ya mawe.

Mzazi mwenzangu, mtoto mdogo mchagulie mchezo ulio karibu na mlango, usio na benchi, unaochezwa na marafiki zake. Namba atapewa akikua. Na wewe mwenye lile gari lisilo na magurudumu, liondoe. Watoto wanataka uwanja wao.